Mafundo ya Mume Wangu

Meli aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu iliharibika mashine, wakaifunga hapo bandarini Kalemie, wakasema spea zitatoka Ulaya. Spea hazikutoka. Wafanyakazi waliambiwa warudi nyumbani wangoje kuitwa, na mume wangu, mtu aliyezoea kulala ziwani tangu ujana, akaanza kunizunguka jikoni. Anafunua sufuria, anachungulia. Ananiuliza kwa nini nimetia chumvi sasa na si baadaye. Siku moja nikamwambia, "Papa, tafuta kazi ya mikono, la sivyo tutagombana bure."

Ndipo akakumbuka mafundo.

Kabla ya kuingia melini alikuwa amefanya kazi katika karakana ya misheni, chini ya furere mmoja mzungu, mtawa mwenye ndevu nyekundu aliyetoka kisiwa cha mbali kinachonyeshewa mvua karibu mwaka mzima. Furere huyo alisema mababu zake waliitwa Waselti, na kwamba walichonga mafundo kwenye misalaba ya mawe. Yeye aliyasuka kwa kamba, akimaliza kazi, kwa kukumbuka kwao. Mume wangu alijifunza kwa kumtazama. Fundo lenyewe lilikuwa kamba moja tu. Inapita juu, inapita chini, juu tena, chini tena, inajizungusha na kurudi mpaka ncha yake inakutana na mwanzo wake, na hapo anazishona pamoja na kuzificha chini ya mkunjo. Ukilitazama hujui limeanzia wapi. Alilipanga kwanza juu ya ubao wenye misumari, akivuta kidogo huku, kidogo kule, na akishalikaza analitoa polepole kama mtu anayetoa andazi kwenye mafuta moto.

Yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. La kwanza alilitengeneza kwa kamba ya nyavu, nyeupe, nikalitundika mlangoni petu. Wanawake wa avenyu yetu wakalipenda, wakaanza kuyaagiza kwa kufungia rido, yale mapazia ya madirishani. Mengine niliyapeleka sokoni, nikayaweka pembeni ya ndagala zangu, wale dagaa wa ziwani, yakanunuliwa moja moja. Jikoni kwangu kukawa na amani.

Sasa lazima niseme kitu juu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha nyingi, najiuliza anataka nini. Na katika miaka ile ya Zaire tabia hiyo haikuwa ugonjwa. Ilikuwa kama kufunga mlango. Ulikuwa hujui nani anapeleka maneno kwa nani. Uliweza kucheka na mtu kisimani, na kesho yake bwana yako akaitwa kwenye biro ya Serikali aeleze kwa nini mulicheka.

Kwa hiyo yule mvuvi alipokuja mara ya kwanza, nilimtazama vizuri. Alikuwa mrefu, mwenye umri wa kati, amevaa koti kubwa ingawa jua lilikuwa kali. Matamshi yake yalikuwa ya watu wa kaskazini, wale wanaoshuka na mitumbwi yao kutoka upande wa Ubwari kuja kuvua na kuuza kwetu. Alitaka fundo la mviringo, dogo, la kuenea kiganjani, lililotiwa rangi nyekundu. Alitaka mengi, na yote yafanane.

"Hata moja lisiwe tofauti, Papa," akamwambia mume wangu. "Na tafazali, hii habari ibaki hapa."

Mume wangu akataja bei. Yule mtu akakubali palepale.

Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mvuvi asiyeomba kupunguziwa! Nimeuza ndagala tangu sijaolewa, na sijapata kumwona mvuvi anayekubali bei ya kwanza. Hata akinunua kiberiti atasema njiti zimepungua. Mgeni alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Yule muntu si muzuri."

"Amekukosea nini?"

"Hajabishana."

Mume wangu akacheka sana, akaenda kutafuta kamba.

Mgeni akarudi kuchukua mafundo yake, akaagiza mengine. Baada ya siku chache wakaja wenzake, mara mwanamume, mara mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani, wote wapole, wote wakizungumza kwa sauti ya chini. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mke wa mfanyakazi wa reli, alianza kusimama kwenye ua wa matete uliotenga lupango lao, kiwanja chao, na letu. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno mengi, na tulikuwa tukipeana makaa ya moto kila asubuhi.

"Mama, wageni wenu njo wa wapi?" akaniuliza.

"Wanunuzi tu."

"Wananunua nini cha siri hivi?"

Nikajitia kupuliza makaa. Lakini nililiweka swali lake moyoni, na jina lake nikaliweka pamoja nalo.

Kisha nikayaona mafundo ufukweni. Nilikuwa nimeshuka kununua ndagala mbichi, mitumbwi imepangwa mchangani, na katika mmoja, upande wa ndani karibu na pua, niliona kitu chekundu kimefungwa. Nikasogea. Lilikuwa fundo letu. Nikatembea kando ya maji kama mtu anayechagua samaki, nikaona jingine, na jingine tena. Na mwenye mtumbwi mmoja aliposhuka, alimtazama mwenzake, akagusa kifua kidogo, wakaachana bila neno. Sikununua ndagala siku ile.

Siku zile watu waliotoka kaskazini walitazamwa vibaya. Kulikuwa na habari za watu wenye silaha milimani kule, na askari walipopita ufukweni waliwauliza wageni karatasi zao mara mbili, mara tatu. Nikawaza: kama hii ni alama ya watu wa milimani, basi imetoka nyumbani kwangu. Kama ni alama ya magendo, ya kuvusha kahawa kwenda Kigoma bila ushuru, pia imetoka nyumbani kwangu. Na hapa Kalemie nzima hakuna mikono mingine inayojua kusuka fundo lile. Hakuna wa kumsingizia.

Nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameshika kamba mdomoni, akaitoa kwanza.

"Muntu akinunua panga sokoni," akasema, "muuzaji anamuuliza anaenda kukata nini?"

"Akilinunua kwa siri, ndiyo."

"Mama, acha. Ni watu wanaopenda vitu vizuri."

Jumapili iliyofuata, tulipotoka misani, yule mvuvi wa kwanza alikuja kuchukua kifurushi chake. Nikajitwika beseni la ndagala kavu, nikamwambia mume wangu naenda kuuza, nikamfuata. Aliteremka hadi Lukuga, pale mto unapotoka ziwani, akaingia njia ya katikati ya matete. Nilimwacha atangulie, nikaendelea kwa kusikiliza miguu yake. 

Njia iliishia kwenye uwanja mdogo wa mchanga ambapo wavuvi walianika nyavu. Palikuwa na kundi la watu, wanaume na wanawake, wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Waliimba, lakini kwa midomo karibu kufungwa, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na fundo jekundu shingoni. Mwanamke wa kitambaa cheupe akaniona, akanyamaza, na wote wakanyamaza.

"Mama," akaniita, "unatafuta nini?"

"Ninatafuta ndagala," nikasema.

Akatazama beseni langu. "Na hizo zilizo kichwani kwako njo nini?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajizuia. Yule mvuvi mrefu akainuka, akaja, akanisaidia kutua beseni. Hakukasirika. Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Umenifuata, Mama. Basi kaa, usikie."

Wakanieleza. Walikuwa watu wa dhehebu dogo lililoanza kwao, kijijini kaskazini, na kanisa lao halikuwa na karatasi ya Serikali. Bila karatasi hiyo, kusali pamoja ni kosa. Walitawanyika kwenye bandari za ziwa wakifuata samaki na biashara, na kila walipofika hawakujua nani ni ndugu, nani ni mtu wa kupeleka maneno. Mgonjwa akishuka Kabimba au hapa kwetu, alikosa pa kulala. Mjane alikosa wa kumsaidia kuzika. Ndipo mmoja wao alipoliona fundo mlangoni petu.

"Kamba moja haina mwisho," akasema mvuvi. "Tunapenda kusema ni kama Mungu. Lakini kazi yake kubwa ni kujuana tu."

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilitazama mtumbwi uliokuwa majini, umefunikwa turubai. "Na pale chini muna nini?"

"Funua," akasema yule mama.

Nikaingia majini mpaka magotini, nikafunua. Palikuwa na magunia ya unga wa muhogo, na kati ya magunia alilala bibi kizee aliyejifunika vitenge viwili, akitetemeka kwa homa. Alifungua macho, akanisalimia kwa Kibembe. Nikarudisha turubai taratibu. Niliwaachia ndagala zote za kwenye beseni, kwa aibu, nikarudi nyumbani na beseni tupu. Lakini njiani nilijiuliza kwa nini sikufungua gunia moja nione kama kweli ni unga.

Wiki hiyohiyo shefu wa avenyu alikuja kwetu. Alikuwa mtu aliyetuangalia kwa niaba ya chama: aliandika nani amehamia, nani hakutoka kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha mji ya kila Jumamosi. Alikuja moja kwa moja kutoka salongo, matope kwenye viatu, lakini abakosti yake, lile koti la watu wa chama, aliivaa na kufunga vifungo vyote. Nikamletea maji, akayakataa. Akatoa fundo jekundu mfukoni, akaliweka mezani.

"Mama, hii alama njo ya nini?"

"Ni pambo la rido, Papa Shefu."

"Wanaifunga kwenye mutumbwi. Mutumbwi una dirisha?"

"Wavuvi nao wanapenda kupamba."

Akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama kama mtoto aliyevunja chupa. "Papa, mimi nakuheshimu. Lakini watu wa usalama wakiniuliza, nitasema nini? Kwamba kuna watu wa kaskazini wanavaa alama moja, na alama inatoka katika avenyu yangu? Nawapa mpaka salongo ijayo. Mutanieleza vizuri."

Alipoondoka, mume wangu alichukua kila kitu, kamba, ubao, mafundo yaliyokuwa tayari, akayalundika karibu na jiko.

"Tunachoma," akasema.

"Ukichoma, jirani ataona moshi," nikamwambia. "Atauliza tunaficha nini."

"Basi tutupe ziwani."

"Yataelea."

Akakaa chini, akashika kichwa. Nilimhurumia. Nami nilikuwa nimekaa, ninatazama rido yetu wenyewe ikiwa imefungwa kwa fundo jeupe, na wazo likanijia. Shefu ameogopa fundo kwa sababu wanalo watu wachache. Angekuwa nalo kila mtu, nani angeliuliza?

"Papa," nikasema, "suka. Suka mengi kuliko ulivyowahi kusuka. Mekundu."

Nilianza na mke wa shefu mwenyewe. Nilimpelekea mafundo mawili makubwa ya rido za sebuleni, nikasema ni zawadi kwa vile alivyonitembelea nilipojifungua. Alifurahi, akayafunga mbele ya macho yangu. Kutoka hapo nikaenda kwa mke wa katekista, kisha kwa muuguzi wa materniti. Wanaume wa baiskeli wanaobeba mizigo sokoni niliwapa ya kufunga kwenye usukani. Watoto wa shule wakafunga kwenye mikoba. Nilimfuata mama aliyeongoza kikundi cha kucheza cha chama, wale wanawake waliocheza kwenye sherehe wakiimba sifa za Kiongozi, nikamwambia, "Mama, kiunoni mutapendeza sana." Akataka ya kikundi kizima. Vidole vya mume wangu vilivimba. Nami nikajifunza kusuka, vibaya, mara kamba yangu ilipita juu pale ilipotakiwa kupita chini, na mafundo yangu yalikaa kama mtu aliyelala upande mmoja. Niliyapeleka hayohayo kwenye baa.

Jumamosi ilipofika, shefu alirudi. Safari hii hakuwa na haraka ya kusema. Alikuwa ametoka nyumbani kwake, ambako fundo lilimwangalia kwenye kila dirisha la sebuleni, na njiani amepita baiskeli, watoto, na kikundi kizima cha wachezaji kikifanya mazoezi uwanjani. Alikaa. Akanitazama.

"Mama," akasema, "weye ni muntu wa hatari."

"Miye, Papa Shefu? Miye nauza ndagala."

Akacheka kwa pua, akaomba maji, akanywa, akaenda. Mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana.

Nilijiona mwenye akili sana. Raha hiyo haikudumu. Siku moja asubuhi yule mvuvi mrefu alikuja, peke yake, bila koti. Hakukaa.

"Mama, ni weye uliyegawa alama yetu mji mzima?"

Nikamweleza habari ya shefu, nikiwa nangoja shukrani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jana mama yetu mmoja mzee alifika kutoka Kabimba, ana kidonda mguuni," akasema. "Aliona fundo mlangoni pa baa. Akaingia, akawaambia walevi mle ndani kwamba amefika, wamwonyeshe ndugu zake. Walimcheka. Walimmwagia pombe, Mama. Akalala njiani."

"Kama nisingefanya hivyo mungekuwa gerezani," nikasema. "Na sisi pamoja nanyi."

"Labda. Sikatai. Lakini umetuficha sana, mpaka sisi wenyewe hatuonani."

Akavua fundo lake shingoni, akaliweka juu ya ubao wa misumari wa mume wangu, akaaga kwa heshima, "Mubaki vizuri, Papa, Mama," akaondoka. Hawakuja tena. Nilipowakuta ufukweni walinisalimia kama wanavyomsalimia mteja. Bila shaka walipata njia nyingine ya kujuana, na mara nyingi nilisimama pale nikitazama mikono yao, kofia zao, namna wanavyokunja nyavu, nitambue ni ipi. Sikutambua kamwe. Wala sikujua kama magunia yale yalikuwa unga tupu.

Mume wangu aliacha mafundo. Alipata kibarua cha kupakua saruji bandarini, akawa anarudi mweupe mpaka kwenye kope, na hakutaka kusikia habari ya kamba. Mimi nilibaki na swali moja: nani alimwambia shefu? Jibu nilikuwa nalo tayari. Nani alisimama kwenye ua wa matete? Nani aliuliza juu ya siri? Nilikata urafiki na jirani yangu. Sikugombana naye, hapana. Niliacha tu kupeleka kigae kuomba moto, na alipoleta chake nilisema wangu umezimika, ingawa moshi ulikuwa ukimwingia machoni. Baada ya siku chache aliacha kuja. Tuliishi hivyo miaka, ukuta kwa ukuta, tukisalimiana kama watu waliokutana steshenini.

Mchana mmoja, miaka mingi baadaye, mume wangu alikuwa amekaa barazani anakula karanga, akaanza kucheka mwenyewe.

"Unakumbuka shefu na fundo lake?" akasema. "Alitutisha yule! Na ni mimi nilimpa."

"Ulimpa nini?"

"Fundo. Tulikuwa tunakunywa pamoja. Nikamwonyesha kazi yangu. Nikamwambia, hata wavuvi wa kaskazini wananinunulia, wanafunga kwenye mitumbwi yao. Nilikuwa najisifu kidogo."

Nilisimama.  Alikuwa amesimama pale mezani siku ile shefu anakataa maji, akanyamaza. Alitaka kuchoma kamba zake, akanyamaza. Aliniona miaka yote ninawasha moto kwa shida alfajiri, akanyamaza.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza mwishoni.

"Hukuuliza."

Ni kweli. Katika kushuku kwangu kote sikuwahi kumshuku yeye.

Nikajifunga kitenge, nikazunguka hadi lango la jirani. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alizeeka, nami nilizeeka. Nikakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, nikamweleza yote: wavuvi, shefu, fundo, na kwamba nilidhani ni yeye aliyetuuza. Nikamwomba msamaha. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Njo sababu hiyo?" akasema. "Miaka hii yote, njo ile kamba tu?"

"Njo ile."

"Mama weee." Akaweka ungo chini, akajipiga paja. "Na miye nilizani umejua ile kuku."

"Kuku gani?"

Akanitazama, akaona kwamba sijui, na amekwisha kusema. Kulikuwa na kuku wangu mwekundu wakati ule, aliyepotea, na nilimlaani nguchiro kwa wiki nzima. Kumbe aliruka ua akaingia kwa jirani siku ambayo watoto wa jirani hawakuwa na mboga.

"Nilitaka kukulipa," akasema. "Kisha ukaanza kuninunia, nikasema basi, amejua, anangoja niseme mwenyewe. Nikaona haya. Nikakaa kimya."

 Sikujua kama nikasirike au nini, na yeye alikuwa akinichungulia usoni kama mtu anayengoja mvua iamue.

"Alikuwa na mafuta?" nikamuuliza.

"Mengi," akasema. "Tuliweka mupaka akiba."